Anwani ya Marehemu Sifael

Eliamini hajui kusema hapana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lake, na katika miaka kumi na moja tuliyokaa chumba kimoja cha ofisi sijaona kosa lake jingine la maana. Ukimwomba kalamu anakupa, ukiondoka nayo anatafuta nyingine. Wauza soksi wote wa stendi ya Same wanamjua kwa jina. Mimi, Hellen, katibu muhtasi wa Umoja wetu wa wakulima wa tangawizi, ndiye niliyekuwa nikiwatimua mlangoni ili fundi wetu wa kompyuta apate kufanya kazi, na yeye akininunia nusu siku kwamba nimewakosea adabu watu wa Mungu.

Kwao ni Kighare, Ugweno. Mimi ni wa huku kusini, na nimemtania miaka yote kwamba watu wa kwao wanadhani adabu iligawiwa kwao tu, sisi wengine tukaambiwa imeisha. Lakini adabu hiyo ameitoa kwa mama yake. Nyumba ya Bibi Yudith iko pale njia inapogawanyika, na kabla ya simu za mkononi kila aliyepanda kutoka tambarare ya Kwakoa alipita hapo. Mtu alikuwa na ujumbe wa fulani, kamkosa nyumbani, basi anauacha kwa Bibi Yudith: mwambie ng'ombe wake ameonekana, mpe dawa hii, mwambie dada yake amejifungua salama. Bibi Yudith alikuwa na sheria moja. Mtu akileta ujumbe wa mwenzako, huruhusiwi kumjibu "hayupo" ukafunga mlango. Unasema, "Leta, nitamfikishia." Na alifikisha, hata kama mvua ilikuwa ya kung'oa migomba. Eliamini alilelewa katika nyumba hiyo, na aliposomea kompyuta akaja kuajiriwa Same, alikuja na sheria ya mama yake mfukoni.

Sasa nieleze kidogo mambo ya seva, kwa namna nilivyoelewa mimi nisiye fundi. Umoja una seva yake ya barua pepe. Kila kikundi cha kijiji kina anwani, na viongozi wa vikundi wana anwani zenye majina yao. Barua inapokuja kutoka nje, seva ya mtumaji hutanguliza swali: nina barua ya mtu fulani, yupo hapo? Seva yetu inatazama orodha. Kama jina limo, barua inapokelewa. Kama halimo, seva inatakiwa ikatae pale pale, iseme hatuna mtu kama huyo, na mtumaji aandikiwe mara moja kwamba barua yake haikufika. Shughuli yote hiyo haimalizi muda wa kupiga chafya. Ndivyo seva nyingi zinavyofanya.

Ya kwetu haikufanya hivyo. Eliamini aliipanga ipokee kila kitu. Jina liwemo au lisiwemo, seva ilisema ndiyo, karibu, nimepokea. Zile zisizo na mwenyewe zikaingia katika sanduku moja, na kila asubuhi kabla ya chai Eliamini alilifungua, akasoma, akawapelekea watu barua zao kwa mkono wake. Safia, mhandisi kijana anayekuja mara mbili kwa mwaka kukagua mitambo, alimwambia mbele yangu, "Kaka Eliamini, funga hii kitu. Mtu akiandika kwa anwani ambayo haipo, mwambie haipo. Atatafuta njia nyingine."

"Kwetu hatumrudishi mtu na salamu zake mlangoni," Eliamini akajibu.

"Hii ni seva, kaka. Siyo nyumba."

Akacheka tu. Na kwa bahati mbaya mwezi uliofuata mnunuzi mmoja mkubwa aliandika kwa anwani aliyoibuni mwenyewe, ambayo haikuwahi kuwepo. Sanduku la Eliamini likaidaka barua, na Umoja ukapata soko. Kwenye mkutano mkuu walimpigia makofi. Tangu siku hiyo hata mimi nilimwona Safia kama binti anayependa kubishana. Nilikosea, na nalisema hapa kwa jina langu.

Tatizo ni kwamba seva inayopokea kila kitu hujulikana haraka na watu wabaya. Baada ya Pasaka ya mwaka jana barua taka zilianza kumiminika kwa majina ya kila aina, mia tatu, mia nne kwa siku. Eliamini alipambana nazo wiki mbili, asubuhi hadi saa nne yuko humo anafuta. Halafu akaanza kuruka siku. Halafu akaacha kabisa kulifungua, na hakumwambia mtu. Seva iliendelea kusema ndiyo, nimepokea, nimepokea, na nyuma ya mlango hapakuwa na mtu.

Sasa ndipo anapoingia Mama Rogathe.

Mama Rogathe ni mkulima wa Mhezi, mjane, ana miaka sitini na tatu. Marehemu mumewe, Mzee Sifael, alikuwa katibu wa kikundi cha Mhezi hadi alipofariki miaka miwili iliyopita, na alipofariki anwani yake ilifutwa kwenye orodha, kama utaratibu unavyosema. Mtoto wao wa pekee aliyebaki hai, Wilson, alikuwa Ujerumani akifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Alikuwa akimpigia mama yake kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa sita simu zikakatika. Mama akipiga, haipatikani.

Gari letu linaloshusha magunia kutoka milimani hushuka kila Jumanne, na kila Jumanne Mama Rogathe alishuka nalo. Aliingia ofisini na vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi kwenye benchi, na baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali lile lile. "Hellen mwanangu, hakuna barua kutoka kwa Wilson?" Nami nilifungua anwani ya kikundi cha Mhezi, nikatazama, nikamjibu, "Hakuna, mama." Jumanne ya kwanza nilimpa pole. Ya pili nilimwambia vijana wakifika Ulaya hubanwa na kazi. Ya nne, Mungu anisamehe, nilimjibu bila hata kuigusa kompyuta.

Jumanne ya tano ilikuwa siku moja baada ya Sabasaba. Upepo wa Same ulikuwa ukirusha mchanga madirishani na mimi nilikuwa na taarifa ya robo mwaka mezani. Mama Rogathe aliingia yapata saa nne. Safari hii nilifungua, nikatazama, nikasema hakuna.

Hakunyanyuka. Alikaa akisugua goti, kisha akasema, "Na ile ya baba yake umetazama? Wilson anaijua sana ile ya baba yake. Ndiyo aliyokuwa akiandikia."

"Ile ya marehemu ilifutwa, mama," nilisema. "Haipo tena."

Nilisikia kiti cha Eliamini kikikwaruza sakafu. Nilipogeuka, alikuwa amesimama. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Yeye alikuwa ameelewa kabla sijamaliza sentensi: anwani haipo, lakini seva yetu haikatai kitu. Chochote kilichotumwa kwa Sifael tangu afariki kimepokelewa. Kimo sandukuni, na sanduku hajalifungua kwa wiki saba.

"Mama, naomba utusubiri hapo nje kibarazani, kuna kivuli," alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipotoka, Eliamini akafunga mlango, akakaa, akafungua.

Barua zilikuwa zaidi ya elfu kumi na nne. Aliandika jina la Sifael kwenye nafasi ya kutafutia na vidole vyake vilikosea mara mbili. Zikatokea ishirini na kitu. Nyingi zilikuwa za matapeli wanaomwahidi marehemu mikopo na dawa za nguvu. Katikati yake zilikuwamo tatu zenye nembo, kwa Kijerumani, kutoka ofisi ya manispaa ya mji alikokuwa Wilson. Tarehe nne mwezi wa sita. Tarehe kumi na nane. Tarehe mbili mwezi wa saba.

Tulizitafsiri kwa simu yangu. Sitasahau maneno yalivyojitokeza, yamenyooka, hayana hata pole. Wilson alianguka kazini tarehe mosi Juni na alifariki siku hiyo hiyo. Kwenye fomu yake ya kazi, aliyoijaza baba yake akiwa bado hai, ndugu wa karibu aliyetajwa ni baba yake, kwa anwani hii. Ndugu wanaombwa kujibu kuhusu mazishi. Barua ya pili ilikumbusha. Ya tatu ilisema kwamba kwa kuwa ndugu wameshaarifiwa na hawakujibu, manispaa itachukua jukumu lenyewe, na mwili utateketezwa kwa moto na majivu kuzikwa katika makaburi ya jumla. Mwisho wa kupokea jibu ni Jumanne tarehe nane Julai, saa sita mchana.

"Leo," nikasema.

"Saa sita yao ni saa saba yetu," Eliamini akasema. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Kwa sisi watu wa milimani, naomba asiyejua aelewe, mtoto hufa popote Mungu anapopanga, lakini hulala kwao. Mzee Sifael amelala nyuma ya nyumba, kando ya kahawa yake. Watoto wao wawili waliotangulia wako pale pale. Mama Rogathe anafagia makaburi yale kila Jumamosi. Na sasa tulikuwa na saa mbili kabla ya mtoto wa mwisho kuwa majivu katika nchi ambayo mama yake hawezi hata kulitamka jina la mji wake.

Eliamini aliandika jibu kwa Kiingereza haraka haraka. Mama wa marehemu yupo hai, hakupata habari, tafadhali simamisheni kila kitu. Akalituma kwa anwani ile ile ambayo barua zilitoka. Hata hajaondoa kidole, kompyuta ikalia. Jibu limerudi.

Nilidhani wametujibu. Kumbe ni seva yao. Imekataa. Anwani hii haipokei barua, ilisema, hakuna mtu anayeisoma. Ukitaka kuwasiliana nasi andika kwa anwani hii, au piga namba hii. Na namba ipo, na anwani ipo, na saa za kazi zipo.

Eliamini aliisoma tena barua ile ya kukataliwa, akasema polepole, "Imeniambia mara moja." Sikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Nilikuwa tayari mlangoni, nakimbilia dukani kwa jirani kutafuta vocha.

Simu iliita muda mrefu, muziki ukapigwa, sauti ya mashine ikasema yasiyoeleweka, muziki tena. Saa tano na dakika ishirini na tano akapokea mama mmoja. Nikamwomba tuongee Kiingereza, akakubali. Nikaweka spika ili Eliamini asikie. Nikamtajia Wilson, tarehe, namba ya jalada. Nikasikia vidole vikigonga kibodi.

"Lakini mliarifiwa," alisema. "Mara tatu."

"Hatukuziona. Anwani hiyo ni ya mtu aliyefariki. Ilishafutwa."

"Haiwezekani. Hapa mfumo unaonyesha seva yenu ilizipokea zote tatu." Hakuwa mkali. Alikuwa akieleza tu. "Kama zingerudi na kusema anwani haipo, tungejua siku ile ile kwamba ndugu hajapatikana. Tungepeleka suala kwa wanaotafuta ndugu, kwa ubalozi, kwa mwajiri. Zilipokelewa. Tukaelewa kwamba familia haitaki."

Eliamini alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Yule mama akaendelea. Mwili bado upo, lakini gari la kuuchukua limepangwa leo mchana. Yeye hawezi kusimamisha kwa maneno ya simu. Anahitaji maandishi ya ndugu wa karibu mwenyewe, yenye saini yake, pamoja na picha ya kitambulisho, kabla ya saa sita. Akanitajia anwani, akanitaka niirudie herufi kwa herufi, nikairudia.

Maandishi ya ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu alikuwa kibarazani, mita nne kutoka tulipo, anakula karanga, hajui kwamba ana msiba.

Na hapa ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu kwa mara ya pili, tena kwa adabu ile ile. Kwetu mtu haambiwi msiba peke yake, juu ya benchi la ofisi, na watu baki. Anaambiwa nyumbani kwake, ameketi, ndugu wa mumewe wapo, mchungaji yupo, na kuna mwanamke wa kumshika. Sikuweza hata kufikiria namna nyingine. Nikampigia Mzee Loth, mdogo wake Sifael, kule Mhezi. Alilia kidogo, halafu akajikaza kiume.

"Msimwambie," alisema. "Msithubutu. Nakuja na mchungaji."

"Mtafika saa ngapi, baba?"

"Tukipata gari sasa hivi, saa tisa. Saa kumi."

"Baba, mwisho ni saa saba."

"Hellen, wewe ni mtoto wa huku huku. Unataka shemeji yangu aambiwe na karani?" Akakata simu.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Nilimwambia Eliamini labda tumwombe asaini tu, tumwambie ni fomu ya kumtafuta Wilson, ukweli aambiwe jioni na wenyewe. Nilidhani ni huruma. Eliamini alitikisa kichwa.

"Asaini karatasi ya kumzika mwanawe bila kujua ni karatasi ya nini?" akasema. "Hapana, Hellen."

Miaka kumi na moja. Ndiyo mara ya kwanza nasikia neno hilo kinywani mwake. Akavaa koti lake lililokuwa kwenye kiti, akalifunga vifungo vyote katika joto lile, akatoka kibarazani. Nikamfuata kwa sababu lazima awepo mwanamke.

Alipiga magoti mbele ya benchi. Mama Rogathe alipomwona amepiga magoti, mkono wenye karanga ulisimama hewani.

"Mama," Eliamini alisema, "nina ujumbe wako. Nimekaa nao bila kukuletea. Wilson amefariki. Alifariki tarehe mosi mwezi wa sita, kazini, alianguka. Barua zilikuja kwa jina la baba yake, mimi nikazipokea, sikuzisoma. Nimezisoma leo."

Nilikwisha kumshika mabega. Hakupiga kelele. Alizimimina karanga zake polepole kwenye karatasi, akaikunja karatasi, akaiweka kando yake.

"Tarehe mosi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mmemzika wapi?"

"Hajazikwa. Yupo. Lakini wanataka kumchoma moto leo, mama, leo saa saba, kama wewe hujaandika kwamba unamtaka."

Sasa alisimama, kwa ghafla ya kunitupa pembeni. "Karatasi iko wapi?"

Kitambulisho alikuwa nacho, kimefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Namshukuru Mungu kwa wanawake wasioamini kuacha vitu nyumbani. Eliamini aliandika barua kwa Kiingereza, na kila sentensi alimsomea kwa Kiswahili kabla hajaendelea. Mimi Rogathe, mama mzazi wa Wilson. Sikupata habari. Ninamtaka mwanangu. Aliposikia ya tatu alisema, "Andika hiyo mara mbili." Eliamini akaandika mara mbili.

Saini ilichukua muda. Mama Rogathe hakutaka kusaini vibaya. Herufi ya kwanza ilipopinda alidai karatasi nyingine, na tulichapa nyingine, na printa ikameza karatasi, nikaivuta kwa kucha. Saa sita na dakika thelathini na nane barua ilikuwa imesainiwa, imepigwa picha, imetumwa.

Kompyuta haikulia. Hakuna kilichorudi. Siku nyingine yoyote tungesema imefika, tushukuru. Siku ile, sisi watatu tulioujua tayari ukimya wa seva una maana gani, hatukushukuru. Nikapiga simu tena, muziki. Saa sita na dakika arobaini na sita, muziki. Mama Rogathe alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Eliamini, macho kwenye kioo asichoweza kukisoma. "Wamesema nini?" aliuliza kila baada ya dakika moja, na Eliamini alimjibu kila mara, "Bado, mama."

Saa sita na dakika hamsini na tatu ikaingia. Mistari miwili. Tumepokea. Uchomaji umesitishwa, mwili utabaki hapa hadi familia iuchukue, poleni.

Eliamini alimsomea. Ndipo Mama Rogathe alipolia, na alilia mpaka madereva wakaja kutoka kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Mimi nililia pamoja naye. Nilikuwa na Jumanne tano za kulilia.

Alipotulia kidogo aliuliza jambo moja. Hakumwuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Eliamini. Hao wa huko, barua zilipofika, waliambiwa zimefika?"

"Ndiyo, mama."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

"Basi kwao imeandikwa kwamba mama yake alisikia, akanyamaza."

Mama Rogathe alipoondoka na shemeji yake, Mzee Loth, jioni ile, fundi wetu alirudi kwenye seva, akaipanga ikatae. Ilimchukua dakika tatu. Kisha akakaa kuzipitia zile elfu kumi na nne, moja moja, kwa siku tisa, asije akawa amekalia ujumbe wa mtu mwingine.

Jinsi Wilson alivyosafirishwa ni habari ya watu wengi wema na siisimulii hapa. Jeneza lilifika Mhezi mwishoni mwa Julai. Pamoja nalo zilikuja nyaraka, na mpwa mmoja aliyesoma akazitafsiri kwenye matanga bila kufikiri: ndugu waliarifiwa mara tatu, hawakujibu. Kufikia asubuhi ya mazishi maneno yale yalikuwa yamezunguka mlima mzima. Niliwasikia wanawake jikoni wakinong'ona. Mama gani huyo, mwezi mzima anajua.

Mzee Loth alitaka yapite kimya kimya. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeshaandikwa vizuri, shule, kipaimara, safari, kazi. Mama Rogathe aliuchukua kutoka kwa msomaji, akapita katikati ya watu hadi tuliposimama sisi wa ofisini, akampa Eliamini.

"Soma wewe," alisema. "Ukifika alipofariki, sema na yale ya barua."

Eliamini alisoma. Watu walikuwa wamejaa uani, kwenye kahawa, hadi chini kwenye ngazi za shamba. Alipofika tarehe mosi Juni alisimama, kisha akasema bila kutazama karatasi, "Barua tatu zilikuja kumtafuta mama yake. Zilifika kwangu. Nikakaa nazo. Mama yake hakujua."

Minong'ono ikakatika. Mzee Loth aliinamisha kichwa. Mchungaji akapiga hatua mbele ili ibada iendelee.

"Rudia," alisema Mama Rogathe.

Eliamini akarudia, kwa sauti zaidi. "Zilifika kwangu. Nikakaa nazo. Mama yake hakujua."

"Rudia. Barua zilikuwa tatu."

Akarudia mara ya tatu, analia, na maneno yote yalisikika mpaka chini ngazini. Mama Rogathe alimwachia mchungaji nafasi, akasogea, akaenda kusimama kichwani mwa jeneza la mwanawe.